Tempe bila mashine wala kipimajoto: itawezekana Lamu?

Mpishi wa Shela:
Assalam aleikum wenzangu. Napika kwenye nyumba ya wageni hapa Shela. Wageni wasiokula nyama wamezidi, na kuwapikia maharage ya nazi kila siku naona haya. Mmoja ameniachia pakiti ya chachu ya tempe, ile soya ya Kiindonesia inayovundikwa kwa ukungu mpaka ishikamane kuwa kipande. Karatasi yake yataka sanduku lenye taa na kipimajoto, nyuzi 30 hadi 32, saa 24 hadi 48. Mimi nina sufuria, jiko la makaa, uteo, na feni ambayo stima ikienda nayo yaenda. Nitaweza? La pili: chicha la nazi hapa tunawamwagia kuku. Nikilichanganya na soya si tempe itaongezeka?

Bi Ukwaju, Malindi:
Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na la pili, maana hilo ni la roho za watu. Chicha usitie. Kule Java walikuwa na tempe ya chicha wakiiita bongkrek. Iliua watu miaka na miaka mpaka Indonesia ikaipiga marufuku mwaka 1988. Kuna bakteria anayestawi kwenye nazi, akishaingia hutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyokutwa kwenye pombe ya Chitima, Msumbiji, Januari 2015, wakafa watu 75. Waachie kuku wako chicha lao.

Sasa soya. Joto usilitafute, tunalo la kugawa; karatasi hiyo imeandikiwa watu wa baridi. Kinachotusumbua sisi wa pwani ni maji. Loweka usiku kucha, asubuhi uzisugue kwa viganja ndani ya maji, maganda yaelee uyamwage, urudie tena na tena. Ukifanya uvivu hapo usinilaumu, ukungu wa tempe haupenyi ganda. Chemsha mpaka punje iminyike kwa vidole bila kurojeka. Zikikaribia kuiva tia siki, vijiko vikubwa vitatu kwa nusu kilo, ili bakteria wabaya wasipate nafasi. Chuja, tandaza kwenye uteo juu ya leso safi, pepea, geuza, pepea tena. Angalia punje: ikiwa bado inang'aa ina maji. Ikififia, na ukiishika kiganja kisilowe, hapo sawa. Zipoe ziwe vuguvugu, joto la mwili wako tu, ndipo unyunyize chachu kwa kipimo cha pakiti na kuchanganya vizuri. Ukiitia kwenye soya za moto umeiua.

Wengine hutoboa mifuko ya plastiki kwa sindano. Sisi mifuko ilipigwa marufuku 2017, lakini jani la mgomba lipo, na Wajava wenyewe ndilo walilolizoea. Lipitishe juu ya makaa lilegee, funga vifurushi vya unene wa vidole viwili, usikaze. Vipange kwenye kitanda cha kamba ili hewa ipite chini, juu funika kawa kwa ajili ya nzi. Kusi likivuma usiku ongeza shuka.

Sikiliza hapa: baada ya nusu siku hivi tempe huanza kutoa joto lake yenyewe. Vifurushi vikibanana vitajiunguza. Vitenganishe, ondoa shuka, washa feni kama stima ipo. Ikishashikamana kuwa kipande kimoja cheupe, imeiva. Madoa meusi pembeni ni mbegu za ukungu wenyewe, hayadhuru. Ukiona uwaridi, kijani au utelezi, au ikinuka uvundo, tupa yote, usikate upande.

Baharia wa Amu:
Kwa hiyo ni maharage yaliyoota ukungu. Kwetu hayo mama huyatupa!

Bi Ukwaju, Malindi:
Na mala unayokunywa, baba, si maziwa yaliyochacha?

Mpishi wa Shela:
Shukrani sana bibi. Soya hapa za kubahatisha. Kunde je? Na nikiipika kwa tui, au nazi yote ndiyo haramu?

Bi Ukwaju, Malindi:
Kunde zafaa, mbaazi pia, ila kunde huiva upesi, kwa hiyo simama na sufuria yako. Zikirojeka zitashika maji na kuvunda. Tui pika unavyotaka, tempe ikishaiva. Kinachokatazwa ni nazi kukaa ndani yake ikivundikwa. Mimi huikata nyembamba, naichovya kwenye ndimu, chumvi na kitunguu thomu, nakaanga mpaka ikauke, halafu ndiyo naishusha kwenye tui zito la bizari, dakika chache tu. Ikibaki mbichi itie friji, vinginevyo itaendelea kuiva mpaka itoe harufu kali ya kuchoma pua.