Naomba ushauri: ndege ilipaa tena ikikaribia kugusa ardhi

Wakuu, juzi tukitua Mwanza, mabati ya nyumba nayaona kabisa, ndege ikazama ghafla kama lifti iliyokatika kamba. Injini zikanguruma, tukapanda tena. Mama wa pembeni alinibana mkono hadi kucha zikaacha alama. Rubani akasema upepo umebadilika ghafla. Tukazunguka weee, ndipo tukatua.

Nimesoma kwamba upepo wa mbele ukigeuka wa nyuma, mbawa hupungukiwa nguvu ya kubeba, na chini hakuna nafasi ya kujirekebisha. Ndivyo ndege ya abiria ya Marekani, Delta 191, ilivyoanguka Dallas mwaka 1985, watu 137 wakafa. (Kosa langu, nimesoma usiku.)

Ijumaa narudi Dar. Walio kwenye fani: ndege hizi za pangaboi zina kengele ya kuonya, au rubani anategemea mnara wa kuongozea ndege tu? Na nikate tiketi ya asubuhi au jioni?