Kikundi cha ukoo: Salma na Juma wanataka kupiga dawa

Salma: Shikamooni wakubwa. Mimi na Juma tunataka kuanza kazi ya kupiga dawa majumbani. Kunguni, mende, panya. Bomba la mgongoni la lita 16 tumeshaliona. Tukilinunua na dawa si tunaanza?

Mjomba Kassim: Marahaba. Bomba linunuliwe mwisho. Kwanza mafunzo na leseni ya mamlaka inayosimamia viuatilifu. Mtu akiugua nyumbani mwake baada ya nyie kupiga, na leseni hamna, hamtakuwa na pa kujitetea. Dawa iwe na namba ya usajili, na lebo iseme inatumika ndani ya nyumba. Ya shambani isiingie chumbani, hata kama kiambata, yaani ile kemikali inayoua, ni kilekile.

Juma: Barakoa za kitambaa tunazo boksi zima mjomba 😁

Mjomba Kassim: Hizo fagilieni vumbi. Mnataka ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na cha chembechembe juu yake. Ukisikia harufu ya dawa na barakoa umeivaa, ama haijakaza usoni ama vichujio vimekwisha. Kwenye ndevu haikazi. Glavu za nitraili, si za ngozi, ngozi inafyonza. Na miguu ya ovaroli ishuke nje ya buti. Ukiichomeka ndani, dawa inachuruzika mpaka kwenye soksi.

Salma: Kwenye kuchanganya sasa. Lebo hii inasema mili 50 kwa lita 10.

Mjomba Kassim: Kwa lita 16 ni mili 80. Maji nusu kwanza, dawa, tikisa, ndipo ujaze. Lakini usichanganye lita 16 kwa sababu tu bomba linaingia lita 16! Dawa iliyochanganywa haifai kulala, inapoteza nguvu. Changanya ya kazi ya siku hiyo.

Salma: Nitajuaje kazi inataka lita ngapi?

Mjomba Kassim: Pima bomba lako kwa maji matupu. Puliza dakika moja ndani ya jagi, soma. Tuseme limetoa mili 750. Lebo ikitaka lita 1 kwa mita za mraba 20, ukuta wa mita 4 kwa 2.5 ni mita za mraba 10, kwa hiyo nusu lita, yaani sekunde 40. Ukimaliza kwa 20 umepiga nusu dozi, ukichukua 80 umemwaga mara mbili. Nozeli, ile ncha ya kupulizia, iwe ya bapa inayotoa dawa kwa upana, sentimita kama 45 kutoka ukutani, mwendo uleule juu hadi chini.

Hiyo ni hesabu ya ukuta lakini. Kunguni hawapigwi ukutani.

Juma: Wapi sasa?

Mjomba Kassim: Vueni godoro mkague mshono kwa tochi. Vidoadoa vyeusi kama vya wino, magamba makavu, na mayai meupe ya milimita 1 yaliyoganda kwenye uzi. Kisha chaga, matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani, chini ya droo. Huko ndiko nozeli iende, kwenye nyufa. Nguo na mashuka mteja afue kwa maji ya nyuzi 60.

Na dawa nyingi haziui mayai. Yanaanguliwa ndani ya wiki moja au siku kumi hivi, kwa hiyo mnarudi siku ya 10 hadi 14. Usiporudi, mteja atasema dawa yako ni maji.

Shangazi Rehema: Hapo ndipo biashara hii inapofia. Vijana wanatoza ziara moja, ya pili wanakwenda kwa hasara, ya tatu hawapokei simu. Bei iwe ya ziara mbili tangu mwanzo. Hesabuni dawa, saa za watu wawili, usafiri mara mbili, vichujio vinavyochakaa, halafu faida. Na msitaje bei kwa simu. Mkague kwanza.

Salma: Akitaka waranti shangazi?

Shangazi Rehema: Mpe kwa maandishi: vyumba vipi, siku ngapi, na yeye afanye nini. Akiingiza kochi la mtumba katikati, waranti imekufa. Jirani wa ukuta mmoja akikataa kupigiwa, andikeni pia. Neno "kumaliza kabisa" lisionekane popote.

Juma: Dawa ikigoma tunabadilisha kampuni tu.

Mjomba Kassim: Soma kiambata, achana na jina la chupa. Deltamethrini, sipamethrini, lambda-sihalothrini ni ukoo mmoja, wa pairethroidi, na kunguni wa sehemu nyingi wameshauzoea. Ukitoka moja kwenda nyingine hujabadilisha kitu. Badilisha ukoo mzima. Halafu pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, na paka nao hawaiwezi. Tangi la samaki litoke, au lifunikwe na pampu ya hewa izimwe. Watu na paka warudi dawa ikishakauka na madirisha yameachwa wazi.

Salma: Mende jeli au kupuliza?

Mjomba Kassim: Wale wadogo wa jikoni, jeli, yaani chambo laini chenye sumu. Vitone vidogo vingi kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji karibu na mota, chini ya sinki. Tone moja kubwa linakauka bure.

Juma: Tukipuliza na juu yake je, wafe haraka?

Mjomba Kassim: Utawafukuza kwenye chambo. Chagua kimoja.

Idi: Panya na kunguni kuna vidonge vile vya ghala la nafaka, unaweka chumbani unafunga mlango, asubuhi kimya 👌

Mjomba Kassim: IDI. Futa hiyo. Ile ni fosfidi ya alumini, ikikutana na unyevu wa hewa inatoa gesi ya fosfini. Inapita kwenye nyufa na juu ya dari mpaka kwa jirani aliyelala, na haina dawa ya kuipoza. Nyumba ya kuishi watu haiguswi na kidonge hicho.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Kassim: Panya, zibeni kwanza. Mkubwa anapita tundu la milimita 12, panya mdogo wa nyumbani milimita 6. Waya wa chuma na saruji. Chambo kikae ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo. Sumu ya chambo ya kuzuia damu kuganda inachukua siku kadhaa, mwambieni mteja mapema asidhani imegoma. Jina la kiambata mwachieni kwa maandishi. Mtoto akiila, daktari atalihitaji ili ajue kama ni ya kutibiwa kwa vitamini K1.

Salma: Chupa tupu?

Mjomba Kassim: Suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba, toboa chupa isitumike tena.

Salma: Na nozeli ikiziba katikati ya kazi?

Mjomba Kassim: Mswaki laini na maji. Usiweke mdomoni kuipuliza, wala usichokoe kwa pini, tundu likipanuka kipimo chako cha dakika kimeharibika. Bebeni ya akiba.