Msaada: 737 ya simuleta inakataa pointi za kushukia Mwanza

Mpiga Kasia
Wakuu heshima kwenu. Kwenye haya mambo ya simuleta mimi bado mgeni, nina miezi mitatu tu. Naishi Ilemela, ndege zinazoshuka zinapita juu ya bati langu kila siku, nikasema lazima na mimi nitue hapa kwa mkono wangu, hata kama ni kwenye laptopu.

Narusha 737-800 kutoka Dar (HTDA) kuja Mwanza (HTMW). Kupaa sina shida, huko juu sina shida. Balaa ni kuingiza weipointi (pointi za kuongozea ndege) za karibu na uwanja kwenye FMC, kompyuta ya safari ya ndege. Nina ramani ya zamani ya kutulia, naandika jina la pointi kama lilivyo, mashine inajibu NOT IN DATABASE. Moja ilikubali, nikafurahi, kuja kuangalia mstari wa waridi wa safari unakatiza Atlantiki! Mwisho nikatunga pointi yangu, maili 10 kabla ya njia ya kurukia namba 12: HTMW120/10, kimo futi 3000. Ikaingia bila ubishi. Ila ndege badala ya kuja kwa upande wa ziwa ikaenda upande wa Kisesa, huku inashuka tu, mara onyo la kugonga ardhi: PULL UP, PULL UP. Nakosea wapi?

Dagaa Mkavu
Abiria umewashusha Kisesa wamalizie na daladala 😂 Nipo hapa, wajuzi waje.

Kiti cha Kulia
Mkuu, una makosa matatu tofauti na umeyafunga furushi moja.

Hilo la Kisesa kwanza, maana limenichekesha. Ukiandika jina, nyuzi, mkwaju, maili, kompyuta inahesabu kuanzia uwanjani kwenda nje. Njia 12 maana yake ndege inatua ikiwa imeelekea nyuzi 120 hivi. Sasa anayetua ameelekea 120 anatokea wapi? Anatokea 300. Kwa hiyo pointi yako ni HTMW300/10, na itaangukia majini kaskazini magharibi. Wewe umeiweka upande wa pili wa uwanja kabisa. Ikikubali itajiita HTM01, usishtuke, herufi tatu za mwanzo na namba ndivyo inavyozibatiza pointi za kutunga.

La pili ni kimo. Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa wenyewe ni kama mita 1,134, yaani futi 3,700 na ushee. Kina kirefu kabisa cha ziwa ni mita 80 hivi. Piga hesabu: futi 3,000 uliyoiambia ndege ni chini ya sangara, chini ya tope, ndani ya mwamba. Umezoea Dar ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari. Tumia futi 300 kwa kila maili, halafu ongeza kimo cha uwanja: maili 10 weka 6800, maili 5 weka 5300.

La Atlantiki ni jina pacha. Majina mafupi yanajirudia duniani, na ukurasa wa SELECT DESIRED WPT ukifunguka inabidi uchague lililo karibu na wewe. Nadhani ulibonyeza la kwanza kwa haraka.

Mpiga Kasia
Nilibonyeza la kwanza kweli. Sasa hizo zinazokataa kabisa?

Shangazi wa Nyegezi
Mwanangu, pointi za eneo la kutua hazikai kapu moja na zile za njia kuu za angani. Zimehifadhiwa chini ya uwanja wake na utaratibu wake wa kutua. Ingia DEP ARR (ukurasa wa kuondoka na kuwasili), chagua uwanja, chagua njia ya kurukia na utaratibu, zitashuka zenyewe kwenye LEGS (orodha ya pointi za safari) zikiwa na vimo. Kuandika moja moja kwa mkono ni kujitafutia kazi.

Halafu ramani ni ya zamani na data ni ya lini? Data hizi hubadilishwa kila siku 28, mara 13 kwa mwaka, na pointi hufutwa au kupewa jina jipya. Tazama tarehe kwenye ukurasa wa IDENT. Tena jina la kwenye karatasi si lazima liwe la kwenye mashine: pointi isiyo na jina, iliyo maili 10 kutoka kituo cha VOR (redio ya ardhini ya kuongozea ndege) kwa nyuzi 300, mashine inaiita D300J. Hesabu herufi, J ni ya kumi. Ukiandika D10 itakukatalia mpaka asubuhi.

Kiti cha Kulia
Shangazi, kwa DEP ARR nakuunga mkono, ila viwanja vyetu vingi kwenye data za bure vina njia ya kurukia tupu, hakuna utaratibu hata mmoja. Hapo mkono lazima.

Shangazi wa Nyegezi
Bado si lazima. Ukishachagua njia tupu kuna RWY EXT (kurefusha mstari wa njia ya kurukia) palepale, unaandika maili tu, inakuwekea pointi kwenye mstari huo. Hakuna 120 wala 300 ya kukuchanganya.

Kiti cha Kulia
Hapo umenipata. Mleta mada, ukiona vile visanduku vya DISCONTINUITY (mahali safari imekatika), chukua pointi ya chini yake, ipandishe kwenye visanduku, kisha bonyeza EXEC kuthibitisha.

Mpiga Kasia
Mrejesho: nimetua! RWY EXT maili 10, 6800, nimeingia kwa juu ya maji kama zile za ukweli. Ila nimesimama uwanjani kipima kimo kinasoma 3,650. Nimezama?

Dagaa Mkavu
Piga kasia mkuu 😂

Shangazi wa Nyegezi
Umeacha kipima kimo kwenye 1013, mgandamizo wa hewa wa kawaida wa huko juu. Kila hektopaskali moja ni kama futi 27 hadi 30, kwa hiyo ulipaswa kuweka QNH (mgandamizo wa siku hiyo, uliorekebishwa kwa usawa wa bahari) ya Mwanza wakati unashuka. Rudi Dar uanze tena.