Mrejesho: ile hofu ya honi baada ya ajali

Mwezi wa tatu niliwauliza kwa nini, tangu ajali ya matatu karibu na Ahero, honi tu inanitoa jasho. Asanteni sana.

Kilichonifaa ni pumzi: navuta kwa hesabu ya 4, natoa kwa 6. Mshauri nasaha aliniambia kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na ubongo hupata habari kwamba hatari imepita. Ila kufumba macho, jamani, hapana! Niliiona ajali upya. Sasa nayaacha wazi, nahesabu mitumbwi pale ufukwe wa Dunga, Kisumu.

Usingizi umerudi, si kila usiku. Kupanda matatu bado sijaweza. Kondele naenda kwa tuktuk, mfuko unalia. Kwa mshauri naendelea kila Alhamisi.