Nataka kutangaza kufilisika huku Texas: nyumba, bima na krediti vitakuwaje?

Mpambanaji_Htx: Wakuu heshima kwenu. Niko Houston mwaka wa kumi na tatu. Lori limenilaza. Injini ilikufa Januari, nikatengeneza kwa kadi, na Aprili wenye mkopo wakaja kulibeba lori lenyewe. Nadaiwa kadi nne, jumla dola 47,000, na bili ya hospitali ya wife 9,000. Wadai wanaanza kupiga saa mbili asubuhi. Mwanangu wa miaka sita keshawajua, ikiita namba ya 800 ananiletea simu: "Baba, wale."

Wakili kaniambia Chapta 7, ile kesi ya kusamehewa madeni mahakamani, inanifaa. Nyumba nilinunua 2018, rejesho la benki sijakosa hata mwezi. Wataichukua? Bima ya gari itapanda? Na nitakopesheka tena lini?

Mla_Mihogo: Pole mkuu. Mimi nadaiwa 14,000 kwa Mangi hapa Mbagala, nikitaka kupita dukani kwake nazungukia msikitini. Kumbe na mimi nimefilisika, sikujua kama kuna fomu.

NesiDallas: Kaka pole, mimi nilipita humo 2017. Chapta 7 inakaa kwenye rekodi ya krediti, yaani historia yako ya kukopa na kulipa, miaka 10 tangu siku unafungua kesi. Ila huwi maiti miaka yote hiyo. Mkopo wa nyumba wa FHA, ule wenye dhamana ya serikali, unaweza kuomba miaka 2 baada ya kusamehewa madeni, ile mikopo ya kawaida ni miaka 4. Kadi yangu ya kwanza baada ya kesi ilikuwa ya amana, yaani dola 300 zangu mwenyewe ndizo nilizokuwa nakopeshwa. Nikinunua maziwa asubuhi, jioni nalipa.

Bima itakuuma. Texas kampuni zinaruhusiwa kuangalia krediti zinapopanga bei. California, Massachusetts na Hawaii kwa bima ya gari hapana, lakini hatuishi huko. Omba bei kwa kampuni tatu nne kabla hujafungua kesi, na usikubali bima ikatike hata wiki. Mimi mume alikuwa keshaondoka na gari, akaniachia bima ya gari nisilolijua liliko, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Mstaafu_Moro: Vijana, dawa ya deni ni kulipa. Sisi tulikopa baiskeli ushirika tukalipa miaka mitatu, mkewe mtu anakula mchicha. Mahakama ikusamehe kwani ilikukopesha yeye?

Mla_Mihogo: Shikamoo mzee. Mchicha wa Houston nao unauzwa dola.

KaraniWaKorti: Kwa kuwa umenunua 2018 uko salama kiasi. Texas inalinda nyumba unayoishi bila kikomo cha thamani, mjini mwisho ekari 10. Kikomo kinakuja ukiwa umenunua ndani ya siku 1,215 kabla ya kesi. Lakini hiyo ni kinga dhidi ya watu wa kadi. Benki iliyokukopesha nyumba ukiacha kuilipa inauza.

Sasa mkuu, Bongo una nini? Fomu zinauliza mali popote duniani.

Mpambanaji_Htx: Bongo haihusiani. Nimeuliza ya huku.

KaraniWaKorti: Ndiyo inayohusika kuliko hayo yote uliyouliza.

Mpambanaji_Htx: Sawa. Kuna nyumba Kigamboni, vyumba vitatu na banda la wapangaji uani. Lakini ni ya kaka. Hati ina jina lake.

KaraniWaKorti: Tangu lini?

Mpambanaji_Htx: Machi. Ila msikimbilie kunihukumu. Niliapa uraia wa huku 2021, na sheria ya ardhi nyumbani wakati huo haikuruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nilichelewa tu kurekebisha. Na kodi inakwenda kwa mama, ndiyo dawa zake za presha. Mfilisi wa Houston, yule msimamizi wa kesi anayekagua mali, ataijulia wapi Kigamboni? Kuna jamaa wa kanisani alifanya hivihivi, hakuna aliyemuuliza.

KaraniWaKorti: Umekaa na hati tangu 2021, ukaja kukumbuka sheria ya ardhi miezi miwili baada ya injini kufa. Mali uliyoitoa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi kwa nia ya kuwakwepa wadai inaweza kukukosesha msamaha wote. Kuificha ni jinai, hadi miaka 5 jela. Na taarifa zako za benki zinaonyesha hela zote ulizotuma za saruji na mabati. Kinga ya Texas haifiki Kigamboni.

Jicho_la_Tatu: Mnachoka bure, hii ni chai. Februari huyuhuyu alifungua uzi wa ushuru wa Harrier bandarini, akasema yuko Ohio.

Mla_Mihogo: Chai ya rangi, haina hata tangawizi 😂

Mpambanaji_Htx: Ohio nilikuwa safarini, nimelala Columbus nangoja mzigo. Na Harrier ilikuwa ya kaka.

Jicho_la_Tatu: Kaka ana nyumba, ana Harrier. Mwiteni kaka aje atushauri yeye.

NesiDallas: Iwe chai iwe uji, mpe wakili habari ya Kigamboni kabla hajapeleka fomu. Kikao changu na mfilisi kilikuwa dakika sita. Akaniapisha, akatazama mkono wangu, akauliza pete ya ndoa iko wapi. Nilikuwa nimeivua tu, ipo kwenye kopo la sukari. Nilitetemeka kama niliyeiba.

Mpambanaji_Htx: Wakili ni Alhamisi. Nimempigia kaka anipigie picha hati. Anasema nimweleze kwanza naitakia nini.

Dalali_Kigamboni: Hiyo nyumba iko Kibada au Mjimwema? Nina mteja, anatoa taslimu.