Hela ya kusafirisha wazee ipo, ila ili upewe lazima kwanza uwe nayo!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natema nyongo. Anayeona uzi ni mrefu apite tu.

Mimi ni dereva wa kishirika kidogo hapa Marekani, na kwa balaa langu ndiye pia mtu wa makaratasi. Tunabeba wazee na watu wenye ulemavu: kliniki, sokoni, kanisani, msikitini, hata msibani. Wengi ni watu wetu, Wakongo na Warundi waliokuja wakitokea makambini, ila Wamarekani wenyewe nao wamo. Tuna magari matatu, na lenye lifti ya kiti cha magurudumu ni moja tu. Hilo moja mlishike, nitalirudia.

Kuna ruzuku ya serikali ya shirikisho ambayo watu wa kazi hii wanaitaja kwa namba tu, 5310. Mizizi yake ni ya tangu 1975. Ni kwa ajili ya wazee na walemavu ambao basi la kawaida haliwafikii, au linawafikia lakini hawawezi kulipanda. Ukinunua gari, kwa kawaida shirikisho inatoa hadi asilimia 80 na wewe unatafuta 20. Kwenye uendeshaji, yaani mafuta, mshahara wa dereva na bima, inatoa hadi 50. Asilimia 60 ya fungu lote inakwenda miji yenye watu 200,000 na zaidi, 20 miji midogo, 20 vijijini. Sisi wa mji mdogo hatuigusi hela hiyo moja kwa moja, inapitia ofisi ya jimbo. Na hapo ofisini ndipo roho yangu ilipochakaa.

Kwanza mjue kwamba hii hela hupewi, unarudishiwa. Unalipa kwa mfuko wako, unakusanya risiti, unajaza fomu, unapeleka, halafu unakaa. Shirika kubwa lenye akiba benki halioni shida. Sisi akiba yetu ni mwenyekiti kukopa kwa shemeji yake. Madai ya robo ya kwanza ya mwaka tuliyapeleka mapema kabisa. Yakakaa miezi miwili, yakarudi. Sababu? Kwenye daftari la safari, siku MOJA, dereva aliandika maili za kuanzia na hakuandika za kumalizia. Siku moja kati ya siku zote za miezi mitatu! Wangekata siku hiyo wakalipa zilizobaki, ningenyamaza. Wamerudisha bunda zima, na foleni nikaanza upya mkiani.

Kosa ni letu, sikatai. Dereva mwenyewe ni mimi.

Ila sasa niwaambie siku hiyo ilikuwaje, maana naikumbuka. Saa kumi na nusu alfajiri, theluji imeganda, nimemfuata bibi mmoja anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zimegoma. Huwa namkuta tayari mlangoni, blanketi magotini, pochi juu ya blanketi, mikono miwili imeishika pochi kama yuko kwenye foleni ya mgao. Nikampandisha kwenye lifti. Ikafika katikati, ikazima. Bibi yuko hewani, futi mbili hivi kutoka chini, upepo unampiga, na mimi natafuta fimbo ya pampu ya mkono ambayo mtu aliitupa nyuma chini ya siti. Nimepiga pampu huku naomba dua. Lifti inapanda kidogo kidogo, bibi anasema, "Mwanangu usiharakishe, nisije nikaanguka." Tulifika tumechelewa, na ukichelewa muda wako kwenye mashine unapunguzwa kwa sababu wa zamu inayofuata ameshafika. Jioni naandika daftari, vidole havikunji. Namba ya kumalizia ikanipita.

Sasa mtauliza, gari jipya liko wapi? Swali zuri. Ombi letu lilipitishwa. Tulisaini, tukapiga picha, mwenyekiti akanunua soda. Ni mwaka na nusu sasa. Nikipiga simu naambiwa "liko kwenye mchakato". Hii hela ina umri: jimbo lisipoifungia mkataba na shirikisho ndani ya mwaka iliyotolewa na miwili inayofuata, inaondoka mikononi mwake. Muda huo wao wanauchukulia kama nafasi ya kupumua. Bibi wa mashine mara tatu kwa wiki hana mwaka na miwili inayofuata.

Kilichoniuma kuliko vyote ni ile asilimia 20. Tulikuwa na kifungu kidogo kutoka mfuko wa huduma za wazee, nao ni wa shirikisho, ila hautoki idara ya usafiri. Nikauliza kama tunaweza kuutumia kama mchango wetu. Jibu likaja kwa mstari mmoja: hela ya shirikisho haiwezi kuchangia hela ya shirikisho. Tukaamini! Tukaanza kupitisha bakuli. Wazee wanaoishi kwa posho wakatoa dola tano tano, na nilizipokea kwa mkono huu huu. Baadaye usiku mmoja sina usingizi nikaisoma sheria yenyewe, na imeandikwa wazi kwamba hela za idara nyingine za shirikisho zinazoruhusiwa kutumika kwa usafiri zinakubalika kama mchango, mradi zisitoke idara ya usafiri. Nikawatumia kifungu hicho cha sheria. Wiki tatu kimya. Kisha: "Asante kwa kutukumbusha, tutalizingatia mzunguko ujao." Yaani mimi dereva ndiye nimkumbushe msimamizi wa ruzuku kanuni ya ruzuku yake. Na zile dola tano tano nikazirudishe kwa uso gani?

Halafu kuna jambo sijui nani alikaa akaliona ni haki. Jimbo linaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 10 ya fungu kwa kazi ya kusimamia, na hiyo haidaiwi mchango hata senti, inalipwa yote mia kwa mia. Anayebeba watu anatafuta nusu ya mafuta mwenyewe. Anayemrudishia daftari analipwa kamili. Sisemi wasilipwe, nasema wakilipwa basi wafanye kazi.

Na vikao je? Sheria inataka mradi wowote utoke kwenye mpango wa pamoja wa usafiri wa eneo husika, na wazee na walemavu washirikishwe kuuandaa. Safi. Kikao chetu kilifanyika saa nne asubuhi siku ya kazi, kwenye jengo la pembeni mwa mji ambako basi halifiki. Nimerudia kuisoma anwani mara mbili nikidhani nimekosea. Niliwapeleka wazee wanne kwa gari letu, na safari nyingine zote za asubuhi ile zikafa. Ukumbini, ukiondoa hao wanne, wote waliobaki walikuja na funguo za magari yao mkononi.

Najua wapo watakaokuja na "hela ya umma lazima ilindwe". Ilindwe. Nimekulia mahali ambapo gari la mradi lilikuwa likibeba saruji ya mkubwa, hakuna wa kunifundisha ubadhirifu. Daftari la maili liwepo, ukaguzi uwepo. Ila kukagua ni kitu kimoja, na kumrudishia mtu bunda zima bila hata simu ya dakika mbili kuuliza "namba ya siku ile ilikuwa ngapi?" ni kitu kingine. Namba yenyewe niliipata kwenye risiti ya mafuta, dakika kumi tu.

Mdau ambaye jimbo lake linanunua magari lenyewe na kuyakabidhi, au linalipa madai ndani ya mwezi, aje atuambie walibanwa vipi mpaka wakafika hapo. Na kama kuna aliyewahi kupeleka malalamiko juu ya jimbo, moja kwa moja kwa shirikisho, nataka kujua kama ombi lake lililofuata lilipona.

Nalala. Alfajiri nampitia bibi. Fimbo ya pampu siku hizi inakaa mbele, siti ya abiria, na nimeifunga mkanda.