Kocha amemjua mchezaji kwa mwandiko. Nifanyeje?

Mwalimu wa Michezo, Eastlands: Hamjambo. Shuleni kwetu tuna makocha watatu, wa soka, voliboli na netiboli, wote wa kuajiriwa na bodi. TPAD, yaani upimaji wa kazi za walimu unaofanywa na TSC, tume ya kuajiri walimu Kenya, hauwagusi, kwa hiyo mkuu akaniambia nitafute namna ya kuwapima. Nikagawa fomu kwa wachezaji, wazazi na walimu wenzangu. Kumbe nimejichimbia shimo: wachezaji waliandika kwa mkono. Kipa wetu, aliyekalishwa benchi mechi tatu, aliandika "hunifundishi, unanipigia kelele tu". Herufi yake ya g ina mkia kama ndoana. Kocha aliitupia jicho ile karatasi akamjua papo hapo. Wiki mbili sasa kijana haji mazoezini.

Mama Netiboli: Pole mwalimu. Kocha hakupaswa hata kuishika hiyo karatasi. Jumlisha mwenyewe, mpe wastani na yale yaliyorudiwa na wengi. Na ukiandika "manahodha wamesema", manahodha wenyewe wawili, si umewataja majina? Wachanganye na wachezaji wengine. Sisi wazazi nasi usituulize mbinu. Mimi namwona binti akishuka matatu saa moja na nusu usiku, basi. Niulize kama kocha hunipigia simu wakichelewa.

Kocha Mstaafu: Nilishapimwa hivyo. Mzazi mmoja alinipa moja juu ya tano, mtoto wake hakuchezeshwa. Mwalimu wa kemia akanipa tano, na uwanjani sijawahi kumwona! Weka nafasi ya "sijaona". Halafu, hizo alama ndizo zitakazoamua mkataba? Kama ndizo, mimi ningebembeleza kila mtu na kufuta mazoezi ya alfajiri.

Mwalimu wa Michezo, Eastlands: Mkuu anataka ziamue mkataba, ndiyo. Nitamwomba mwaka huu ziwe za kumwonyesha kocha pa kurekebisha tu. Sijui kama atakubali, kwa sababu bodi inataka kupunguza mmoja.

Kocha Mstaafu: Haya, hilo la bodi ni lingine. Kipa je? Mfuate wewe, usimtume kocha. Kosa ni lako.

Mwalimu wa Michezo, Eastlands: Nimemkuta kwenye foleni ya chakula, nikamwomba radhi. Anasema Alhamisi atakuja, ila glavu zake kocha amezifungia stoo. Naenda kutafuta ufunguo.